Kuwafundisha watumishi wa afya kuboresha na kutumia takwimu za MTUHA: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wakufunzi, waratibu wa MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya) na timu za usimamizi wa huduma za afya za halmashauri, hasa Tanzania Bara. Karibu na mwisho lipo jibu la wasomaji wa Kenya na Zanzibar. Mifano yote ya hesabu imetungwa kwa ajili ya kufundishia.

Tunaposema takwimu za kawaida za afya, tunamaanisha zipi?

Ni zile zinazozaliwa kila siku kituoni mgonjwa anapohudumiwa: rejesta ya wagonjwa wa nje (Kitabu cha 5), ya wajawazito (cha 6), ya watoto (cha 7), ya uzazi wa mpango (cha 8), ya wodi ya wazazi (cha 12), ya mama na mtoto baada ya kujifungua (cha 13), ya wagonjwa wa kulazwa (cha 14) na nyinginezo. Mwisho wa mwezi zinajumlishwa kwenye fomu, fomu inafika halmashauri kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, kisha zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Zinatofautiana na za utafiti wa kaya au za sensa, ambazo hukusanywa mara moja baada ya miaka kadhaa. Za kwetu zinakuja kila mwezi, kutoka kila zahanati, na aliyeziandika ni yule yule aliyemchoma mtoto sindano. Hapo ndipo penye nguvu yake, na hapo hapo ndipo makosa yanapoingilia.

Kwa nini tunafundisha kila mwaka na makosa ni yale yale?

Kwa sababu mara nyingi tunafundisha kujaza, hatufundishi kutumia. Muuguzi anayejaza rejesta ili fomu iende wilayani anaiona kazi hiyo kama ushuru: analipa, anasahau. Siku atakapotazama chati ya ukutani na kuona watoto 7 walianza Penta (chanjo ya dozi tatu inayokinga magonjwa matano) na hawakumaliza, akafungua Kitabu cha 7 kutafuta majina yao akakuta safu ya kijiji haijajazwa, safu hiyo ataijaza kuanzia siku hiyo bila kukumbushwa. Ubora hufuata matumizi. Ukisubiri takwimu ziwe safi ndipo zitumike, utasubiri sana.

Sababu nyingine ni ya mpangilio. Anayeitwa kwenye mafunzo ni mganga mfawidhi, anayejaza rejesta ni muuguzi au mhudumu wa afya aliyebaki kituoni. Mafunzo yanafanyika ukumbini kwa kutazama slaidi, bila rejesta hata moja mezani. Miezi sita baadaye aliyefundishwa amehamishwa.

Basi nani aitwe?

Wawili kutoka kila kituo: mfawidhi, kwa kuwa ndiye mwenye uamuzi, na yule anayejumlisha mwisho wa mwezi. Kutoka halmashauri waje mratibu wa MTUHA, mratibu wa huduma za mama na mtoto, mratibu wa chanjo na mfamasia. Waratibu hawa wasije kufungua na kufunga tu. Wakae mezani na vituo watakavyokuja kuvitembelea. Katibu wa afya wa halmashauri akipatikana ni vizuri, maana takwimu zisipoonekana kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri hazijafika mahali.

Kundi lisizidi watu 24, na kwa kila watu 6 hadi 8 awepo mkufunzi mmoja wa kukaa nao. Mkufunzi mmoja mbele ya watu 60 anahutubia, hafundishi.

Siku ngapi, na vifaa gani?

Siku 3 zinatosha kwa kikao cha kwanza, mradi zifuatwe na ziara 3 za kituoni: wiki ya 2, wiki ya 6 na wiki ya 12. Bajeti ikibana, punguza siku za ukumbini, usiguse ziara.

Kila kituo kije na rejesta zake halisi, nakala za fomu za miezi 3 iliyopita, na idadi ya watu wa eneo lake la huduma. Nyinyi leteni vikokotoo, karatasi za grafu, rula, penseli, na chapa (kurasa zilizochapwa) za takwimu za DHIS2 za vituo hivyo kwa miezi 12. Chapeni kabla, kwa sababu intaneti ya ukumbini haitabiriki, na saa mbili za kusubiri ukurasa ufunguke ni saa mbili za mafunzo. Rejesta zinazotumika zisiondoke kituoni siku ya kazi bila karatasi za akiba za kuandikia wagonjwa, na karatasi hizo zihamishiwe rejestani siku zinaporudi.

Tuanze na kompyuta au na rejesta?

Rejesta. DHIS2 ni mfumo mzuri, lakini hauwezi kujua kwamba mtoto wa miezi 59 ameandikwa kwenye kundi la miaka 5 na kuendelea. Siku ya 1 iwe ya rejesta na maana ya kila safu. Siku ya 2 ni ya kujumlisha na kuhakiki. Siku ya 3 ni ya grafu, kikao cha kituo na mpango wa utekelezaji. Kompyuta iingie siku ya 3 kwa wale wenye akaunti ya kuingizia au kutazamia. Wengine wafundishwe kusoma chapa.

Zoezi la kufungulia linalofanya kazi vizuri ni hili. Wape washiriki wote wagonjwa 20 wa kubuni, walioandikwa kama maelezo mafupi: umri, dalili, kipimo, matibabu, amekuja mara ya ngapi. Kila mmoja awaandike kwenye ukurasa mtupu wa rejesta peke yake, ajumlishe, kisha majibu yaandikwe ubaoni. Majumla hayatafanana. Hakuna hotuba inayoonyesha tatizo haraka kama ubao huo.

Makosa ya kawaida ya rejesta ni yapi?

Umri usio na kipimo ndio wa kwanza. Mtu anaandika "8" na kuacha msomaji akisie kama ni siku, miezi au miaka. Fomu ya wagonjwa wa nje inagawa umri: chini ya mwezi 1, mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1, mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, miaka 5 hadi chini ya 60, na 60 na kuendelea. Neno "chini ya" ndilo linaloponza. Mtoto aliyetimiza miaka 5 leo hayumo tena kundi la chini ya miaka 5.

La pili ni hudhurio la kwanza. Kwa wagonjwa wa nje, alama ya nyota ni ya aliyekuja kwa mara ya kwanza mwaka huu wa kalenda, kwa ugonjwa wowote. Wengi huiweka kwa kila ugonjwa mpya, na hudhurio la kwanza linavimba. Kwa wajawazito hali ni nyeti zaidi. Mama aliyeanza kliniki kijijini kwao kisha akahamia kwenu si hudhurio la kwanza, ni marudio, hata kama hamjawahi kumwona. Mwombe kadi. Akihesabiwa mara mbili, halmashauri itaonekana kuwa na wajawazito wengi kuliko iliyo nao, na wastani wa wanaofikisha mahudhurio manne utaonekana mbaya kuliko ulivyo.

La tatu ni malaria. Kipimo hakionyeshi vimelea, mgonjwa anaandikiwa malaria na kupewa dawa mseto. Mwisho wa mwezi waliotibiwa wanazidi waliopatikana na vimelea. Hapa mkufunzi awe makini, kwa sababu takwimu inaweza kuwa sahihi kabisa, na kilichokosewa ni tiba. Asiifute. Aipeleke kwenye mazungumzo ya kitabibu.

Huduma za mkoba, zile mnazozifuata vijijini, zina tatizo lao. Karatasi za vijiti, ambazo kila mtoto huwekewa kijiti kimoja cha kuhesabia, zinabaki kwenye begi au kwenye boksi la baridi, na watoto 30 waliochanjwa kijijini hawaingii kwenye jumla. Weka utaratibu kwamba karatasi ya mkoba inahamishiwa rejestani siku ile ile, kabla boksi halijaoshwa.

Kitabu kikijaa katikati ya mwezi, anayejumlisha anahesabu kitabu kipya peke yake. Andika kwenye jalada la ndani la kitabu kipya: "Mwezi huu unaanzia kitabu kilichopita, ukurasa wa…".

Lingine linahitaji moyo. Kwenye Kitabu cha 12, mtoto aliyepumua mara mbili kisha akafariki mara nyingi huandikwa kama aliyezaliwa mfu. Wakati mwingine ni kutojua, wakati mwingine ni hofu ya kuulizwa. Kanuni ni moja: aliyeonyesha dalili yoyote ya uhai baada ya kutoka, iwe pumzi, mapigo ya moyo, kitovu kudunda au misuli kujongea kwa hiari yake, alizaliwa hai, na kifo chake ni kifo cha mtoto mchanga. Tofauti hii ndiyo inayotuambia kama tatizo liko kwenye uchungu uliochelewa kushughulikiwa au kwenye kumhuisha mtoto aliyeshindwa kupumua. Mfundishe mkunga hivyo, na mhakikishie kwamba kuandika ukweli hakutamletea adhabu. Kama hamwezi kumhakikishia hilo, rekebisheni kwanza namna mnavyoendesha mapitio ya vifo.

Kujumlisha kunakosewa wapi?

Kurasa mbili zinafunguka kwa pamoja na moja inarukwa. Namba zinageuzwa, 52 inakuwa 25. Safu inatelezea chini mstari mmoja, hivyo kila takwimu inakaa kwa jirani yake. Kosa hili la kuteleza ni rahisi kuligundua: ukiona ugonjwa adimu una wagonjwa 140 na ule wa kawaida una 3, tazama mistari inayopakana.

Dawa yake ni jumla ya kila ukurasa, kwa penseli, chini ya ukurasa, siku ukurasa unapojaa. Kituo chenye kurasa 40 za wagonjwa wa nje kwa mwezi kitajumlisha namba 40 badala ya mistari mamia. Kazi ya siku nzima inakuwa ya saa moja na nusu. Kisha mtu wa pili, asiyejumlisha, achague vipengele vitatu na kuvihesabu upya kabla fomu haijasainiwa.

Hatukuwa na mgonjwa wa ugonjwa fulani. Tuandike sifuri au tuache wazi?

Kwenye karatasi andika 0. Nafasi wazi ina maana mbili: hakukuwa na mgonjwa, au hatukuhesabu. Anayeingiza hawezi kujua ni ipi.

Kwenye DHIS2 kuna jambo ambalo wengi hawaelezwi. Vipengele vingi vimepangwa visihifadhi sifuri, ili kupunguza mzigo wa mfumo. Unaandika 0, unarudi kesho unakuta patupu. Si kwamba kazi yako imepotea. Msimamizi wa mfumo ndiye anayeweza kuweka kipengele kihifadhi sifuri, na vipengele vya vifo vya uzazi au magonjwa ya kutolewa taarifa vinastahili hivyo.

Tunahakikije takwimu hatua kwa hatua?

Chagua vipengele 4 vinavyotoka kwenye rejesta tofauti, kwa mfano hudhurio la kwanza la wajawazito, waliojifungulia kituoni, Penta ya tatu, na malaria iliyothibitishwa kwa kipimo. Chagua miezi 3 iliyokwisha. Kwa kila kipengele na kila mwezi tafuta namba tatu: ya rejesta (mhesabu upya, watu wawili kila mmoja peke yake), ya fomu, na ya DHIS2. Ziandike kwa mstari mmoja.

Kisha gawanya ya rejesta kwa ya fomu. Tuseme rejesta ina wajawazito 46, fomu ina 52, na DHIS2 ina 25. 46 ÷ 52 = 0.88. Kiwango kinachokubalika kwa kawaida ni kati ya 0.90 na 1.10. Chini ya hapo kituo kimeripoti zaidi ya kilichofanya, juu ya hapo kimeripoti pungufu. Hapa kituo kimezidisha, na juu ya hilo halmashauri imegeuza 52 kuwa 25. Ni makosa mawili ya watu wawili walio mahali pawili, na mafunzo yao hayafanani. Ndiyo maana namba tatu ni za lazima. Ukilinganisha rejesta na DHIS2 peke yake utamlaumu muuguzi kwa kosa la aliyeingiza.

Usiishie kwenye uwiano. Ukitofautiana, uliza kwa nini hadi upate ukurasa wenyewe. "Walikosea" si jibu. "Ukurasa wa 31 ulihesabiwa mara mbili" ndilo jibu.

Baada ya hapo tazama uhusiano kati ya vipengele. Waliopatikana na vimelea hawawezi kuzidi waliopimwa. Watoto waliozaliwa (hai na wafu) hawawezi kuwa pungufu ya akina mama waliojifungua, na wakizidi kidogo ni mapacha. Wajawazito waliopimwa VVU hudhurio la kwanza wasizidi waliohudhuria mara ya kwanza. Mengi ya haya DHIS2 inaweza kuyakagua yenyewe kwa kanuni za uhakiki, lakini mtu lazima abofye kitufe cha kuhakiki na kusoma kilichotokea kabla hajafunga fomu.

Takwimu ikiruka ghafla, ni kosa?

Huenda. Kituo kinachozalisha wastani wa akina mama 20 kikionyesha 200, mtu ameongeza sifuri. Kwa vituo vikubwa, namba iliyo mbali na wastani wa miezi 12 kwa zaidi ya mara 3 ya mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) inastahili simu. Ila kwa zahanati inayozalisha wanawake 3 kwa mwezi hesabu hiyo haina maana, kwani kutoka 3 hadi 8 ni jambo la kawaida. Na kabla ya kusahihisha, uliza kilichotokea: mlipuko, kampeni ya chanjo, barabara iliyokatika kwa mvua, dawa zilizoisha, kituo jirani kilichofungwa. Namba ya ajabu wakati mwingine ndiyo habari ya muhimu kuliko zote za mwezi huo. Usiisawazishe ili ipendeze.

Ukamilifu wetu ni asilimia 100 lakini fomu nyingine ni tupu. Inawezekanaje?

DHIS2 inahesabu fomu zilizobofywa "kamili", haihesabu zilizojazwa. Fomu yenye kipengele kimoja tu ikibofywa inaingia kwenye ile 100. Kwa hiyo pima ukamilifu wa aina mbili: fomu zilizofika, na vipengele muhimu vilivyojazwa ndani yake. Kufika kwa wakati nako kunasomwa kwa tarehe ya kubofya, si tarehe ya karatasi kufika. Karatasi ikifika tarehe 5 na kuingizwa tarehe 20, kituo kinaonekana mzembe bila kosa lake.

Nimeingiza takwimu asubuhi, sizioni kwenye grafu.

Grafu na majedwali ya DHIS2 husoma majedwali ya uchambuzi, ambayo kwa kawaida hutengenezwa upya usiku. Subiri kesho. Zisipoonekana kesho, kagua kama umechagua kituo sahihi (majina yanayofanana ni mengi), mwezi sahihi, na kama akaunti yako ina ruhusa ya kuona eneo hilo.

Chanjo yetu imefika asilimia 130. Tumepika?

Si lazima. Asilimia ina juu na chini, na mara nyingi ubovu uko chini, kwenye idadi ya walengwa. Tuseme zahanati ina watu 8,000 kwa makadirio, na watoto walio chini ya mwaka 1 wanakadiriwa kuwa asilimia 3.5: walengwa ni 280 kwa mwaka, yaani kama 23 kwa mwezi. Mkichanja 30 kwa mwezi, ni asilimia 130. Lakini kama mgodi umefunguliwa jirani, au kata imegawanywa na makadirio hayakugawanywa, au akina mama wa kata ya pili wanapendelea kuja kwenu, basi 30 ni kweli na 23 ndiyo ya uongo.

Hakikisheni kwanza kwamba mnatumia makadirio yanayotokana na Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120 nchi nzima, na si ya 2012 yaliyosogezwa mbele mwaka baada ya mwaka. Kisha linganisheni na namba msizohitaji walengwa kuzipata: BCG (chanjo ya kifua kikuu), Penta ya kwanza na hudhurio la kwanza la wajawazito huwa hazipishani sana katika eneo moja. Mkiona zote tatu ziko karibu na 30, walengwa ndio wa kuhojiwa. Ngazi ya zahanati ni afadhali kufuatilia namba kamili na wasiomaliza kuliko asilimia ya walengwa. Asilimia hiyo inaaminika zaidi ngazi ya halmashauri, ambako waliovuka mipaka ya kata bado wanahesabiwa ndani.

Kutumia takwimu kunafundishwaje kwa vitendo?

Kwa chati ya ukutani na kikao cha mwezi. Hakihitajiki kingine.

Chati ya chanjo huchorwa hivi. Mstari wa chini gawanya miezi 12. Mstari wa kusimama weka 0 hadi idadi ya walengwa wa mwaka, tuseme 280. Chora mstari mnyoofu kutoka 0 hadi 280: hiyo ndiyo njia ya lengo. Kila mwezi ongeza waliochanjwa juu ya jumla ya miezi iliyopita, weka nukta, unganisha. Penta ya kwanza kwa rangi moja, ya tatu kwa nyingine. Mwanya kati ya mistari miwili ni watoto walioanza na hawajamaliza. Mkiwa na 42 wa kwanza na 35 wa tatu, (42 − 35) ÷ 42 ni asilimia 17. Ikizidi asilimia 10 kuna tatizo la kufuatilia.

Angalizo: Penta hutolewa wiki ya 6, 10 na 14, kwa hiyo watoto wa dozi ya tatu mwezi huu si wale wa dozi ya kwanza mwezi huu. Ukilinganisha mwezi mmoja peke yake unaweza kupata namba hasi bila kosa lolote. Tumia jumla ya robo mwaka au ya mwaka hadi sasa. Ikibaki hasi kwa mwaka mzima, rudi rejestani.

Kikao kifanyike kati ya tarehe 3 na 6, kabla fomu haijaenda, dakika 45, watumishi wote pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Chagueni viashiria 3, visizidi. Kwa kila kimoja ulizeni: namba ni sahihi? Imebadilikaje? Kwa nini? Tutafanya nini ambacho kiko mikononi mwetu? Nani, lini? Andikeni kwenye daftari moja, na kikao kijacho kianze kwa kusoma daftari hilo.

Swali la nne ndilo linalohitaji mkufunzi. Watu hukimbilia "elimu kwa jamii itolewe" na "tuombe watumishi zaidi". Mkatalie kwa upole, mrudishe kwenye rejesta. Wasiomaliza 7 wanatoka vijiji gani? Wakionekana 5 ni wa kitongoji kimoja ng'ambo ya mto, hatua ni huduma ya mkoba ya siku moja kabla ya masika, ikiandikwa jina la mhusika na tarehe. Hatua ya namna hiyo kamati ya usimamizi ya kituo inaweza kuipitisha na kuilipia kutoka fedha za kituo.

Tukigundua takwimu zimepikwa?

Dalili zinajulikana: namba zile zile miezi mitatu mfululizo, namba nyingi zinazoishia na 0 au 5, mwandiko na wino mmoja kurasa 10 nzima. Mara nyingi chanzo ni shinikizo: lengo lisilofikika, malipo yanayotegemea namba, au aibu ya kusomwa wa mwisho mbele ya wenzake. Mkimwadhibu mtu, mtapata upikaji wa ustadi zaidi. Hesabuni upya pamoja naye, sahihisheni, kisha ondoeni kilichomsukuma. Halmashauri inayopongeza namba kubwa bila kuihakiki inafundisha kupika. Ila fedha zikiwa zimelipwa kwa namba za uongo, suala hilo ni la mkaguzi, si la mkufunzi.

Kosa likionekana baada ya fomu kutumwa?

Kwenye rejesta na fomu, piga mstari mmoja juu ya namba mbaya ili ibaki ikisomeka, andika sahihi pembeni, weka saini na tarehe. Wino wa kufutia ni marufuku. Mjulishe mratibu wa MTUHA kwa maandishi: kituo, mwezi, kipengele, ilikuwa ngapi, sasa ngapi, kwa nini. Kipindi kikiwa kimefungwa kwenye DHIS2, anayekifungua ni msimamizi wa mfumo. Nakala ya fomu ya kituoni isahihishwe siku hiyo hiyo, la sivyo uhakiki ujao utaibua tofauti ambayo hakuna atakayekumbuka asili yake.

Tunatumia GoTHoMIS, mfumo wa kielektroniki wa kituo. Bado kuna haja ya haya?

Ipo. Mfumo wa kielektroniki huondoa makosa ya kujumlisha, hauondoi ya kuandika. Daktari akichagua utambuzi wa kwanza kwenye orodha ili skrini isonge, kompyuta itajumlisha uongo kwa usahihi kamili. Hatari kubwa ni kipindi cha mpito, rejesta na mfumo vikienda pamoja: nusu ya wagonjwa huku, nusu kule. Amueni kwa maandishi chanzo cha ripoti ni kipi kwa kila idara, na kuanzia tarehe gani.

Na vituo binafsi?

Wanatakiwa kuripoti kama wengine. Waalikeni, wapeni rejesta na fomu, na warudishieni matokeo. Mara nyingi hawaripoti kwa sababu hawajawahi kuona kilichofanyika na walichotuma.

Tuko Kenya au Zanzibar. Yanatuhusu?

Kanuni ni zile zile, majina yanabadilika. Kenya mfumo ni KHIS (mfumo wa taarifa za afya wa Kenya), nao umejengwa juu ya DHIS2, uliosambazwa nchi nzima 2011. Sajili ya kliniki ya wajawazito ni MOH 405, ya wodi ya wazazi MOH 333, muhtasari wao ni MOH 711, na wagonjwa wa nje wana MOH 705A (chini ya miaka 5) na 705B. Makosa ya umri na ya hudhurio la kwanza mtayakuta vile vile.

Zanzibar ina fundisho ambalo Bara na Kenya wangefaa kuliiga. Vikao vya robo mwaka ambamo timu za wilaya zenyewe huwasilisha takwimu zao na kuhojiwa na timu za wilaya nyingine vilifichua kwamba fomu zilikuwa na vipengele vingi visivyotumiwa na yeyote, vikapunguzwa. Mwenzako wa wilaya jirani anajua wapi pa kuuliza kuliko mgeni kutoka makao makuu.

Usiri unalindwaje?

Chati ya ukutani ina namba, haina majina. Orodha ya wasiomaliza chanjo akabidhiwe mhudumu wa jamii mkononi, isitumwe kwenye kundi la WhatsApp. Picha za kurasa za rejesta zisipigwe kwa simu binafsi, hata kwa nia ya kuomba ufafanuzi. Ukihitaji kuuliza, nakili mstari bila jina. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019, na taarifa za afya ni kati ya zinazolindwa zaidi. Kwenye kituo kidogo hata namba inaweza kumfichua mtu: kijiji chenye mgonjwa mmoja wa kifua kikuu kinamjua.

Tutajuaje kwamba mafunzo yamezaa?

Msitegemee mtihani wa kabla na baada. Unapima kumbukumbu za wiki ile. Fanyeni ule uhakiki wa vipengele 4 kwa miezi 3 kabla ya mafunzo, rudieni kwa miezi 3 baada ya ziara ya mwisho, na mhesabu vituo vilivyo kati ya 0.90 na 1.10. Kisha fungueni daftari la vikao: vikao vingapi vilifanyika, hatua ngapi zilitekelezwa, na je, ipo hata moja iliyoingia kwenye bajeti? Kituo chenye uwiano mzuri na daftari tupu kimejifunza kuhesabu tu.

Hatuna fedha za mafunzo mwaka huu. Tufanye nini?

Tumieni ziara za usimamizi shirikishi ambazo tayari zina mafuta. Ongezeni dakika 60 kwa kila kituo: 20 za kuhesabu upya kipengele kimoja kwa mwezi mmoja, 20 za kuchora au kuendeleza chati, 20 za kikao na watumishi waliopo. Anzeni na vituo 5 vyenye wagonjwa wengi, kwa kuwa kosa lao ndilo linaloyumbisha namba ya halmashauri. Mtumishi mpya anayeripoti kituoni akae na anayejumlisha mwisho wa mwezi mmoja kabla hajaachiwa rejesta. Na fomu ya mwezi ikifika halmashauri, arudishiwe aliyeituma ujumbe mfupi wa simu wenye mambo mawili: tumeipokea, na hiki ndicho tulichokiona.